Simu Ndani ya Sufuria

Sufuria ilikuwa inaita.

Ni ile sufuria ya kati, iliyong'oka mkono mmoja, ambayo kazi yake siku zote ni maharage. Leo ilikaa juu ya kabati imefunikwa mfuniko wake, na juu ya mfuniko imewekwa pasi nzito ya mkaa, kana kwamba kilichomo kinaweza kuruka na kukimbia. Kikatetemeka. Mfuniko ukagonga ukingo, grr, grr, kisha wimbo mdogo ukatoka humo ndani, umezibwa, kama mtu anayeimba akiwa amefungiwa stoo.

Bibi akaendelea kukanyaga cherehani, macho yake kwenye mshono, kama vile masikio ameyaazimisha kwa jirani.

"Bibi," mjukuu wake akasema. "Sufuria inakuita."

"Haijaniita mimi."

"Basi inaniita mimi. Huyo ni mama, saa zake hizi."

"Atapiga kwenye simu yangu."

"Simu yako imezima tangu asubuhi. Halafu, Bibi, kama mawimbi yanaingia humo mpaka simu inaita, si inamaanisha sufuria haizuii kitu?"

Bibi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Swali hilo hakulitegemea. Akalitafuna kidogo.

"Kuingia yanaingia," akasema, "sikatai. Lakini hayatoki."

Ili uelewe kwa nini simu ya mtoto ilikuwa inaishi kwenye sufuria, inabidi turudi nyuma, tuanze na meno.

Mjukuu huyu alizaliwa na mdomo mdogo, akaota meno makubwa, na meno yalipokosa nafasi yalipandana, moja mbele, moja nyuma, kama abiria wanaogombea dirisha. Shuleni wenzake walimcheka, naye akajifunza kucheka kwa kujifunika. Kitu kikichekesha, mkono unapanda wenyewe, kiganja kinaziba mdomo, macho tu ndiyo yanacheka. Wakampa jina: Kiganja. Hata walimu wakalizoea. Nyumbani hakuna aliyelitamka. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na alipokuwa na furaha aliongeza, "mke mwenzangu uliyeolewa na mume hujamwona," kwa sababu babu alitangulia mbele ya haki kabla mtoto hajazaliwa.

Mama yake mtoto alikuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na barabara, kama unavyojua, haikai mahali pamoja. Kila ikisogea, naye anasogea. Alirudi mara chache, na katika mara hizo chache ndipo alipompeleka binti yake kwa daktari wa kunyoosha meno. Mtoto akatoka na vyuma: vigingi vidogo vya kung'aa vimegandishwa kila jino, na waya mwembamba umepita juu yake kutoka upande huu hadi ule. Mama akamwachia na simu ili waongee kila jioni, akaondoka kuifuata barabara yake.

Vyuma vile vilifanya kazi ambayo hakuna aliyeitegemea haraka hivyo. Meno yalianza kupangana, ndiyo, lakini kabla hayajapangana vizuri mkono ulianza kusahau kupanda. Siku moja Bibi alikuwa anapiga pasi, akasikia kicheko kikubwa, cha wazi, chenye mwangwi. Akadhani mgeni ameingia. Kugeuka, ni mjukuu wake, simu sikioni, kichwa amekitupa nyuma, vyuma vyote vinawaka juani. Bibi alisimama pale na pasi mkononi mpaka akanusa kitambaa kinaungua.

Sasa tuje kwa Bibi mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango wa kufunguka nusu mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na ndoo ya vipande vya nguo ambayo haijawahi kujaa wala kuisha. Wateja walimwita Bibi Kimya. Watu walisema ni mtu wa subira, mtu wa kusikiliza, siri yako ukimpa inafia hapo hapo. Hayo yalikuwa kweli, lakini si kweli yote. Ukweli mwingine ni kwamba mdomo wa Bibi ulikuwa na pini. Fundi anayepima nguo mwilini mwa mtu ana mikono miwili tu: mmoja unashika kitambaa, mwingine unabana. Pini nazo zitakaa wapi? Zilikaa kwenye pembe ya kulia ya midomo yake, vichwa nje, ncha ndani, zikitoka moja moja. Mtu hawezi kuwa na pini mdomoni akawa msemaji. Akiulizwa, hujibu "mmh." "Mmh" ya Bibi ilitosha kwa ndiyo, kwa hapana, na kwa pole sana.

Mjukuu alikuwa akimsaidia kila atokapo shule, na kazi aliijifunza kwa kuangalia, si kwa kuambiwa. Alijua kushika mkasi kama Bibi, kulamba uzi kama Bibi, na hata kuguna kama Bibi. Msimu huo ikaingia kazi kubwa: sketi za sare za shule, sketi za marinda. Marinda, mwenzangu, usiyaone kwenye mwili wa mtoto yametulia hivyo. Kila rinda linakunjwa, linabanwa, linapimwa, linabanuliwa, linabanwa tena, ndipo lipigwe pasi na kushonwa. Bibi alinunua pini mpya, pakiti kwa pakiti, za kung'aa kama samaki wadogo. Jioni baada ya jioni bibi na mjukuu walikaa meza moja, huyu upande huu, yule upande ule, kimya, wakibana marinda mpaka simu iite.

Vipele vikatokea wakati huo.

Vilianza kama mkwaruzo kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, upande wa kulia. Bibi akapaka mafuta ya mgando. Vikaenea, vyekundu, vikavu, vya kuwasha, vikapasuka kidogo pale mdomo unapofunguka. Kisha mtoto akasema ana ladha ya chuma mdomoni, kama mtu aliyelamba funguo. Na mkono, ule mkono uliokuwa umesahau njia, ukakumbuka. Ukaanza kupanda tena.

Ndipo akaingia Redio.

Redio ni msusi wa mlango wa pili, mama mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki, na jina hilo mtaa ulimpa bila kumsingizia. Aliingia na chanuo bado kichwani, simu mkononi.

"Bibi Kimya, umesikia? Kuna wataalamu wamepima mate ya watoto wenye vyuma vya meno. Mate, eeh! Wale wanaoongea sana na simu, mate yao yamekutwa na madini kuliko wenzao. Simu ina mionzi. Mionzi inapasha vile vyuma, vyuma vinayeyuka kidogo kidogo, mtoto anameza. Anameza chuma, Bibi! Na wako wewe si kutwa yuko na simu sikioni?"

"Mmh?" Bibi akasema.

"Ndiyo hivyo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Bibi alikuwa na maswali. Hakuwa na elimu kubwa, alisoma shule ya msingi tu, lakini alikuwa mtu wa kupima kabla ya kukata. Alitaka kuuliza ni wataalamu gani. Alitaka kuuliza madini yalizidi kiasi cha kijiko au kiasi cha punje. Alitaka hasa kuuliza kama hilo la kuyeyuka lilisemwa na wataalamu au ni chumvi ya Redio. Lakini mteja alikuwa amesimama mbele yake na nguo nusu imebanwa, pini sita zinalinda mlango wa mdomo, na alipomaliza kuzitoa Redio alikuwa ameshaitwa na mteja wake mwenye nywele nusu. Swali likabaki ndani. Hofu, ambayo haihitaji mdomo, ikaingia.

Jioni ile Bibi akamwangalia mjukuu wake akiongea na mama yake. Simu ilikuwa sikio la kulia. Vipele vilikuwa upande wa kulia. Ushahidi gani tena unautaka? Akangoja mtoto akate simu, akanyoosha mkono, akasema, "Lete."

Na hivyo ndivyo sufuria ilivyopata namba ya simu.

Basi, tumerudi pale pale. Sufuria inaita, mtoto anaangalia sufuria, Bibi anaangalia mtoto. Mwishowe Bibi akainuka, akaondoa pasi, akafunua, akaitoa simu kwa kitambaa cha kuepulia, akaibonyeza na kuiweka mbali na sikio lake, urefu wa mkono mzima.

"Shikamoo mama," sauti ikatoka. "Mbona unaongea kutoka mbali? Uko kisimani?"

"Marahaba mwanangu. Niko hapa hapa. Simu iko mbali, mimi niko karibu."

"Mama, mbona sielewi? Na jana nimepiga hamkupokea, na juzi."

"Ilikuwa kwenye sufuria," mjukuu akapiga kelele kutoka mezani.

Kwa mbali, nyuma ya mama, kulisikika greda na mtu akiuliza kama chai ipo.

"Mama," sauti ikasema polepole. "Kwa heshima zote. Simu ya mwanangu inalala kwenye sufuria ya maharage?"

"Maharage nimeyahamisha."

Hapo Bibi akaeleza yote: mionzi, mate, upande wa kulia, ladha ya chuma. Alipofika kwenye vipele sauti yake ikapungua. "Mwanangu, mtoto huyu uliniachia mzima. Siwezi kukaa nashona huku anameza sumu mbele ya macho yangu. Kesho nampeleka kwa daktari wake. Nitamwambia avitoe."

"Mama, usimwambie avitoe. Mwambie aangalie."

"Akiangalia ataona. Akiona atavitoa."

"Mama, umemsikia anavyocheka siku hizi?"

Bibi akaishusha simu kidogo. Alikuwa amemsikia. Akageuka, mjukuu wake alikuwa amekaa na sketi mapajani, kiganja kimeziba mdomo, na safari hii macho hayakuwa yanacheka.

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, na ngazi zake zilinuka rangi hadi katikati, kisha zikanuka mafuta ya karafuu. Ukutani kulikuwa na picha ya jino lenye miguu na tabasamu. Bibi akaliangalia sana: jino lenyewe lina meno. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akatoa kwenye mfuko sketi ya marinda na pakiti ya pini, maana shule haijui habari za vipele, inataka sketi. Alibana marinda mawili matatu, akaacha. Wakaitwa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa. Mtoto akalazwa kwenye kile kiti kinachopanda na kushuka, taa ikavutwa, kioo kidogo kikaingia mdomoni. Bibi alikaa pembeni, sketi mapajani, na hakumpa daktari nafasi ya kuuliza. Mficha uchi hazai. Akamwaga yote, pamoja na sufuria.

Daktari hakucheka. Alibana midomo kidogo, lakini hakucheka.

"Bibi, hiyo habari haikutoka hewani," akasema. "Wapo watu waliopima mate kweli. Wengine wakaona madini yameongezeka kidogo kwa wanaotumia simu sana, wengine wakapima wasione tofauti. Lakini hakuna aliyesema vyuma vinayeyuka. Na hicho kidogo chenyewe, kwenye chakula tu mtu anakula zaidi ya hapo kila siku."

"Kwenye chakula?"

"Kwenye chakula. Hata maharage yanayo."

Bibi akashika shavu. Maharage tena.

"Hebu angalia hapa." Daktari akamwita karibu, akavuta shavu la mtoto kwa kioo. "Ndani kote ni kwekundu kwa afya, hakuna kidonda, ufizi mzuri. Vyuma vingekuwa ndivyo vinavyomdhuru, ningetegemea kuona kitu humu, karibu navyo. Hivi vipele viko nje, kwenye ngozi, upande mmoja." Akamgeukia mtoto. "Unapaka rangi ya mdomo? Unang'ata kalamu? Unapuliza filimbi?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Ladha ya chuma unaipata saa ngapi?"

"Jioni zaidi."

"Ndiyo saa za simu," Bibi akadakia.

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa kweli sijui," akasema. Bibi akashtuka, kwa sababu hakuwahi kumsikia daktari akisema neno hilo, tena bila aibu. "Ngozi yake inaonekana imechukizwa na kitu. Kitu chenyewe sijakiona. Kwa usalama, naweza kuutoa waya kwa muda, tuone. Visipopona, tutatoa na vigingi, tujue moja."

"Meno yatarudi yalivyokuwa?" mtoto akauliza kutoka kitini.

"Yanaweza kurudi kidogo. Pengine zaidi ya kidogo. Tutaanza upya baadaye."

Mtoto aliinua mgongo kutoka kwenye kiti. Alikaa, akashusha miguu, na kiganja kikapanda.

Ajabu ya binadamu ni hii: Bibi alikuja kuomba jambo hilo hilo, na sasa amepewa kabla hajaliomba, na halitaki tena. Aliona kicheko kile cha juani kikirudishwa kwenye pakiti na kufungwa. Akainuka aseme neno, hakujua neno gani, na sketi ikateleza mapajani. Pini zikamwagika. Zilitawanyika kwenye vigae vyeupe kwa sauti ndogo ya mvua, chini ya kiti, chini ya meza, hadi kwenye viatu vya daktari.

"Lo! Samahani, mwanangu daktari. Samahani."

"Acha Bibi, naokota mimi." Mjukuu alikuwa ameshapiga magoti, machozi bado mashavuni. Bibi naye akainama upande wa pili. Wakaokota kama walivyozoea kuokota nyumbani, haraka, bila kuongea, huyu huku, yule kule. Daktari alikuwa amewageuzia mgongo, anatafuta koleo lake dogo kwenye droo. Akalipata. Akageuka.

"Msisogee," akasema.

Wakaganda. Bibi alidhani anakaribia kukanyaga pini.

"Msisogee hata kidogo. Niangalieni."

Wakamwangalia, bibi na mjukuu, wamepiga magoti sakafuni, nyuso zimeinuliwa, na kwenye pembe ya kulia ya mdomo wa kila mmoja kumechomoza fungu la pini, vichwa nje, ncha ndani.

"Binti," daktari akasema taratibu, kama mtu anayemsemesha ndege asiruke, "hivyo ndivyo unavyofanya nyumbani?"

"Mmh," mtoto akasema.

"Kila siku?"

"Mmh."

"Bibi, ni kweli?"

"Mmh," Bibi akasema. Kisha macho yakamtoka pima.

Hapo sasa daktari alicheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka koleo mezani. "Toeni hizo pini, jamani, tuongee kama watu!"

Walizitoa wakazipanga kwenye sahani ya chuma, na daktari akaivuta taa juu yake. Kichwani pini zilikuwa zinang'aa. Katikati, pale midomo inapobana, ung'avu ulikuwa umechunika, umebaki weusi uliofifia kama sarafu ya zamani.

"Tangu lini unaziweka mdomoni?"

"Tangu sketi za marinda zilipoingia." Mtoto alikuwa anaangalia pini kana kwamba zimeongea. "Na vipele..."

"Vipele vilikuja lini?"

Wote watatu walijua.

"Sikilizeni," daktari akasema. "Pini nyingi za kung'aa hupakwa nikeli. Ni madini hayo hayo ya kwenye habari ya mate na simu. Hata vyuma vya meno vinayo. Kuna ngozi haziyapendi. Ndani ya mdomo mate yanaosha muda wote, lakini hapo nje pini inakaa sehemu ile ile, imelowa, inasugua, jioni nzima. Nami sikuuliza kuhusu pini, nimeuliza filimbi!"

"Mbona mimi sina kitu?" Bibi akauliza. "Mimi pini zimenizeesha."

"Ngozi hazifanani, Bibi. Mmoja akilala chini ya mti haamki na kitu, mwingine anaamka na upele. Lakini sijasema nina hakika. Tujaribu."

"Tujaribu!" Bibi alikuwa ameshasimama wima, nguvu zimemrudia. "Pini hatashika tena. Na simu inabaki kwenye sufuria. Na maharage..."

"Hapana, Bibi. Ngoja. Mboga ikikushinda ladha, ukapunguza chumvi, ukabadili mafuta, ukabadili na sufuria, yote kwa siku moja, utajua kosa lilikuwa wapi?"

"Sufuria tena," mtoto akanong'ona.

"Tunabadili kitu kimoja tu. Pini zitoke mdomoni. Waya naacha ulipo. Simu mrudishie, aongee na mama yake kama zamani, sikio lile lile. Nawapa na mafuta ya kulainisha. Mrudi baada ya wiki tatu, au kabla ya hapo kama vinazidi."

Bibi alitafuna hilo. Kumrudishia mtoto kile kitu alichokiogopa kuliko vyote, kwa makusudi, ili ajue. Lakini alikuwa fundi, na fundi anajua kwamba nguo ikivuta begani hubomoi mishono yote kwa mkupuo. Unabomoa mmoja, unaangalia inakaaje.

"Sawa," akasema. "Mmoja mmoja."

Nyumbani Bibi alishona vimto viwili vya kufunga kwenye kifundo cha mkono, kwa vipande vya sare vilivyobaki, akajaza pamba ya mto mkuukuu. Pini zikahamia huko. Si kwamba zilihama kwa amani. Mkono uliozoea njia hauulizi ramani. Ulikuwa ukipanda mdomoni wenyewe, na walilindana kama polisi wawili.

"Kimto, mke mwenzangu!"

"Kimto mwenyewe, Bibi! Unayo mbili hapo!"

Na kila jioni simu iliita, na Bibi alikaa ameshika kiti. Aliangalia shavu la mtoto likigusana na simu, sikio la kulia, upande wa kulia, na moyo wake ulikunjwa na kubanwa kama rinda. Usiombe kukaa hivyo. Kungoja kwa subira wakati hujui kitu, hiyo rahisi. Kungoja wakati hofu inakunong'oneza, hiyo ndiyo kazi.

Vipele vilikaidi kwanza. Kisha vikakauka. Kisha vikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na chini yake ikachungulia ngozi changa, ya waridi. Ladha ya chuma ilitoweka bila kuaga. Mtoto mwenyewe hakukumbuka iliondoka siku gani. Na asubuhi moja, kabla ya shule, Bibi alimsimamisha kwenye nusu ya mlango iliyo wazi, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza kola kutafuta mshono uliopinda. Akaangalia na miwani. Akavua miwani akaangalia bila. Akapitisha kidole gumba polepole kwenye pembe ya mdomo.

Kulikuwa laini. Hakukuwa na kitu.

"Bibi, nachelewa."

"Chelewa," Bibi akasema, na kumbe machozi yanamtoka. "Leo chelewa kidogo tu."

Wiki tatu zilipotimia walirudi kliniki, na daktari alipowaona alitikisa kichwa kwa furaha, akakaza waya kidogo, akawaambia wakiona lolote ndani ya mdomo warudi mara moja. Kisha akauliza kama Bibi anaweza kumpunguzia urefu wa koti lake. Bibi akampima pale pale, kimto mkononi.

Jioni ile mama alipopiga, Bibi aliichukua simu mwenyewe, akaiweka sikioni kabisa, bila kitambaa.

"Leo hauko kisimani," mama akasema.

"Niko hapa, mwanangu. Kumbe si simu. Ni pini zangu. Mimi nimemfundisha kuweka pini mdomoni bila kumfundisha."

Akaeleza, na upande wa pili kikaanza kicheko, kikapanda, mpaka mpishi yule akakosa pumzi kambini kwake. "Mama! Kikulacho ki nguoni mwako! Wahenga walimaanisha wewe! Nguoni kabisa, kwenye rinda!"

Mjukuu alisikia, maana simu ilikuwa inapiga kelele, naye akacheka. Kichwa nyuma, mdomo wazi, vyuma vyote vinawaka. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, inabana rinda. Hakuna uliopanda.

Msimu wa sketi ukaisha. Ila kuna jambo moja ambalo mtaa ulichukua muda kulizoea. Siku moja Redio aliingia na chanuo kichwani kama kawaida.

"Bibi Kimya, umesikia? Wataalamu wanasema eti kulala karibu na feni kunakausha ubongo."

Bibi alikuwa anampima mteja kiuno. Hakuinua macho. "Wataalamu gani?"

Redio akasita. "Eeh?"

"Nimeuliza wataalamu gani. Wamewapima watu gani? Na ubongo umekauka kiasi gani, kijiko au punje? Na hilo la kukauka wamesema wao, au umetia chumvi wewe?"

Chanuo likaanguka. "Lo! Bibi Kimya! Kumbe una mdomo?"

"Ulikuwepo siku zote. Ulikuwa na kazi."

Mteja alicheka mpaka kipimo kikapotea, ikabidi apimwe upya. Redio naye, ambaye moyo wake hauna kinyongo, akacheka pia, akaokota chanuo, akasema hata hivyo yeye usiku atazima feni. Kutoka jikoni kukasikika mfuniko ukigonga ukingo wa chuma, grr, grr.

"Bibi," mjukuu akaita. "Sufuria inaita."

"Hiyo inakuita wewe, mke mwenzangu. Maharage yameiva. Kayapakue."